Mcheza Kwao Hutunzwa

Msomaji, ukipita katika mji wa Isiolo utasikia watu wakitaja majina ya mitaa yao siku nzima bila kuyafikiri. Mmoja hukaa Bulla Pesa, mwingine Kambi ya Juu, mwingine Kiwanjani, na mwingine atakuambia kwamba watoto wake wanasoma shule ya Wabera. Baadhi ya majina hayo yanaeleza mahali penyewe, yaani kambi, au kiwanja, au mtaa. Lakini Wabera si kilima wala kisima. Wabera lilikuwa jina la mtu.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi ya Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Tarehe 28 Juni 1963, kabla hata mwezi mmoja haujatimia tangu Kenya ipate madaraka ya kujitawala kwa mambo ya ndani, alivamiwa na shifta akiwa safarini wilayani, akauawa kwa risasi. Aliyeuawa pamoja naye ni Haji Galma Dido, chifu mashuhuri wa Waborana. Uhuru wenyewe, uliokuja Desemba mwaka ule ule, hawakuuona. Leo wadi moja ya mji wa Isiolo ina jina la Wabera, na huko Nairobi, katikati ya mji, pana mtaa uitwao kwa jina lake, ambao watu wengi huupita kila siku wasijue kwamba jina hilo lilitoka kaskazini.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inatupa kipimo. Hapana mtu atakayeuliza kwa nini mtaa uliitwa Wabera. Alikuwa katika kazi ya watu, na kazi hiyo ikamgharimu maisha yake. Lakini katika siku zetu pamezuka ombi la namna nyingine. Kila mara kijana wa Kenya anaporudi nyumbani na medali shingoni, husikika sauti zikitaka barabara, au uwanja, au mzunguko wa magari upewe jina lake. Pengine kijana huyo hajafika hata miaka 25. Je, yafaa? Na kama yafaa, ni kwa sababu gani? Na kama haifai, je, si uchoyo kumnyima aliyetupatia furaha kubwa namna ile?

Wazee wetu hawakutuachia jibu moja. Walisema, "Chanda chema huvikwa pete," na wakasema tena, "Mcheza kwao hutunzwa." Hapo wapo upande wa kijana. Lakini hao hao walisema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Hapo wanatuonya. Methali hizi hazipingani kama mtu anavyoweza kudhani kwanza. Kila moja ina mahali pake, na kazi ya insha hii ni kutafuta mahali hapo kwa msaada wa historia.

Shauri lenyewe ni la kale sana. Wayunani waliuhesabu mwaka 776 kabla ya Kristo kuwa ndio wa kwanza wa michezo ya Olimpia, na mshindi wa mbio aliyeandikwa katika orodha yao ni Koroibos wa mji wa Elis, ambaye yasemekana alikuwa mpishi. Wanahistoria wao waliokuja baadaye walizoea kuhesabu miaka kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi kikajulikana kwa jina la mshindi wa mbio fupi. Fikiri jambo hilo, msomaji. Sisi tunabishana juu ya barabara. Wao waliupa wakati wenyewe jina la mkimbiaji. Huko Athens mshindi wa Olimpia alipewa haki ya kula chakula cha umma, na miji mingi ilisimamisha sanamu za washindi wake.

Hata hivyo palikuwa na waliokataa. Mshairi Xenophanes wa Kolophon alinung'unika kwamba mji unawatukuza wenye nguvu za miguu na ngumi kuliko wenye hekima, ingawa hekima ndiyo iufaayo mji. Na yako mambo yaliyotokea yaliyompa nguvu. Astylos, mkimbiaji hodari wa mji wa Kroton, alishinda Olimpia mara nyingi katika miaka ya 480 kabla ya Kristo. Mji wake ulimsimamishia sanamu. Baadaye, ili kumpendeza mtawala wa Syracuse, akajitangaza kuwa mtu wa Syracuse. Watu wa Kroton walikasirika, wakaiangusha sanamu yake na kuifanya nyumba yake kuwa jela. Tazama jinsi heshima iliyotolewa kwa shangwe ilivyogeuka kuwa chuki, na mtu aliyetukuzwa alikuwa ni yule yule, na miguu yake ilikuwa ni ile ile.

Sasa na turudi kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alifika wa 7 katika mbio za mita 5,000. Mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut aliiletea nchi medali yake ya kwanza, ya shaba, katika mita 800. Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo majina ya wakoloni yalikuwa yakiondolewa mitaani. Nairobi, barabara kubwa ya Delamere iligeuka kuwa ya Kenyatta, na mtaa wa Hardinge ukawa wa Kimathi. Majina mapya yalikuwa ya wapigania uhuru na ya viongozi. Wakimbiaji walisubiri.

Aliyewafungulia njia ni Kipchoge Keino. Alikuwa askari polisi, na mwaka 1968 alikwenda Mexico akiwa na umri wa miaka 28, tena akiwa na maradhi ya nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimzidi akaanguka. Lakini siku chache baadaye, tarehe 20 Oktoba, alimshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500 kwa umbali uliowashangaza watazamaji. Siku hiyo huku nyumbani ilikuwa sikukuu ya Kenyatta, siku ambayo katiba ya mwaka 2010 iliibadili ikawa Siku ya Mashujaa. Mwaka 1972 huko Munich alishinda tena, safari hii katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Leo uwanja mmoja wa michezo wa Eldoret unaitwa Uwanja wa Kipchoge Keino.

Lakini angalia mambo aliyoyafanya baada ya kuvua viatu vya mbio. Yeye na mkewe Phyllis waliwachukua watoto yatima nyumbani kwao wakawalea, na idadi yao ikaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 1999 ilifunguliwa shule ya msingi yenye jina lake karibu na Eldoret, na baadaye ikafuata ya sekondari. Mwaka 2016, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilipoanzisha tunzo mpya ya kuwaheshimu watu waliotumia michezo kuendeleza elimu na amani, mtu wa kwanza kupewa alikuwa Keino. Basi mtoto wa Eldoret akiuliza jina lile la uwanjani ni la nani, mzazi ana habari ndefu ya kumsimulia. Mbio za Mexico zilikwisha kwa muda usiotimia dakika 4, lakini habari ile yachukua nusu karne.

Linganisha na mambo yaliyotokea Uganda. John Akii-Bua, naye askari polisi, alizaliwa Lango mwaka 1949. Tarehe 2 Septemba 1972, akiwa na umri wa miaka 22, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko Munich kwa sekunde 47.82. Alikimbia katika mstari wa ndani kabisa, ule ambao wakimbiaji hawaupendi kwa kona zake kali, na bado akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo kwa muda ulio chini ya sekunde 48. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki, na nchi ilikaa miaka 40 kabla ya kupata ya pili, mwaka 2012, kwa miguu ya Stephen Kiprotich katika mbio ndefu za London.

Serikali ya Idi Amin haikungoja. Kijana alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara katika Nakasero, mtaa wa heshima wa Kampala, ikapewa jina la Akii-Bua. Lakini kumbuka mwaka wenyewe. Mwezi mmoja tu kabla ya mbio zile, Amin alikuwa amewaamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Tangu alipotwaa nchi Januari 1971, askari wengi wa Kilango na Kiacholi walikuwa wameuawa katika makambi ya jeshi. Akii-Bua mwenyewe alikuwa Mlango. Jina lake lilining'inia juu ya barabara ya mji mkuu wakati watu wa kabila lake walipokuwa wakitoweka usiku.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia michezo ya Montréal, na nafasi yake ya kuutetea ushindi wake ikapotea. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoangushwa, Akii-Bua aliikimbia nchi pamoja na jamaa yake, akavuka mpaka na kuingia Kenya akiwa mkimbizi. Kampuni ya viatu ya Ujerumani ndiyo iliyomsaidia kupata makao na kazi huko Ulaya. Alirudi Uganda mwaka 1983, na mwaka 1997 akafariki akiwa na miaka 47. Alizikwa kwa heshima za taifa. Barabara ya Nakasero ina jina lake mpaka leo.

Msomaji, usiniambie kwamba Akii-Bua hakustahili. Alistahili sana, na jina lake limebaki kwa haki. Ninalouliza ni hili: barabara ile ilimfaa nani mwaka 1972? Ilimfaa mtawala, aliyetaka kusimama karibu na medali ili ing'ae juu yake. Kijana alihitaji ulinzi, uhuru wa kushindana, na nchi ambamo ndugu zake wangelala bila hofu. Hayo hakupewa. Alipewa kibao. Hapo ndipo tunapoona kwamba jina laweza kutolewa upesi kwa sababu ni rahisi kutoa. Kibao cha chuma na rangi kidogo ni gharama ndogo kuliko haki.

Hapa yafaa tuitazame upya ile methali ya mcheza kwao. Kutunza, katika ngoma zetu, ni kitendo cha papo hapo. Mchezaji akicheza vizuri, mtazamaji huingia uwanjani akampa fedha au leso wakati jasho lingali likimtiririka. Hangoji mwaka upite, wala haulizi mchezaji atakuwa mtu wa namna gani uzeeni. Tunzo ni malipo ya ngoma ya leo. Jina la mahali ni kitu kingine. Jina huwekwa kwa ajili ya watu ambao hawakuiona ngoma, na wengine wao hawajazaliwa bado. Tunzo ni ya mchezaji. Jina ni mali ya mji, na mji humkopesha mchezaji kwa kuamini kwamba wajukuu watakubali mkopo huo.

Tukishika tofauti hiyo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kijana anastahili tunzo yake mara moja na kamili. Zamani, wakati wa Maiyoro na Kiprugut, sheria za Olimpiki zilimkataza mwanariadha kulipwa, na heshima ilikuwa karibu ndiyo malipo pekee. Siku hizi sivyo. Mwaka 2008 Pamela Jelimo, akiwa na miaka 18, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki, aliposhinda mita 800 huko Beijing. Na mwaka ule ule alishinda zawadi ya dola milioni 1 katika mashindano makubwa ya Ulaya. Hakuna mtu mwenye haki atakayemwonea kijio. Alicheza, akatunzwa.

Lakini jina lina haja ya wakati, kwa kuwa wakati ndio unaotoa hukumu. Mwaka 2016 huko Rio, Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda mbio ndefu za Olimpiki. Nchi nzima ilishangilia. Kabla mwaka haujatimia, aprili 2017, ilitangazwa kwamba vipimo vimeonyesha dawa iliyokatazwa mwilini mwake, na akafungiwa asishindane kwa miaka. Kama mji fulani ungalikuwa umeharakisha kuita barabara kwa jina lake, ungalifanya nini? Ungaling'oa kibao kama watu wa Kroton, au ungalikiacha watoto wakisome kila asubuhi?

Wakati huo huo usidhani kwamba wakati hushusha tu. Jelimo alipokimbia tena London mwaka 2012 alimaliza wa 4, akarudi bila medali, na wengine wakasema nyota yake imezimika. Baada ya miaka, Mariya Savinova wa Urusi aliyeshinda mbio zile alinyang'anywa ushindi wake kwa kosa la dawa, na Jelimo akapanda katika nafasi ya medali. Mtu aliyemhukumu siku ile alimhukumu kwa haraka. Mwenye kusubiri alipata kujua ukweli.

Tena liko jambo la huruma. Jina kubwa ni mzigo kwa mabega machanga. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda kusoma na kukimbia Japani akiwa mtoto wa miaka 15. Akiwa na miaka 21 alishinda mbio ndefu za Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo. Akarudi nyumbani tajiri na mwenye sifa, akazungukwa na watu wengi. Mei 2011 akafa kwa kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake, akiwa na miaka 24. Sithubutu kusema kwamba sifa ilimwua. Nasema tu kwamba kijana wa miaka 21 huhitaji washauri kuliko anavyohitaji sanamu, na kwamba sisi tulikuwa hodari wa kumshangilia kuliko kumshauri.

Utaniuliza, msomaji: na wale waliokufa wangali vijana, wasioweza kungoja? Swali hilo ni zito. Kelvin Kiptum alikimbia mbio ndefu za Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, muda ambao hapana binadamu aliyekuwa ameufikia katika mashindano yaliyokubaliwa rasmi. Februari 11, 2024 alikufa katika ajali ya gari pamoja na mwalimu wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda. Naye alikuwa na miaka 24. Kwa mtu kama huyu hatuna uzee wa kuungojea. Kifo kimeufunga ukurasa, na tulicho nacho ndicho chote tutakachokuwa nacho.

Fikiri pia habari za wanawake wawili. Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake watupu. Wanariadha wenzake hawakutosheka na kulia. Waliunda chama chenye jina lake cha kuwasaidia wasichana na wanawake wanaopigwa na kudhulumiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi upande wa Kenya katika Trans Nzoia, alikufa hospitalini Eldoret kwa majeraha ya moto baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa. Wiki chache kabla yake alikuwa amekimbia mbio ndefu za Olimpiki huko Paris, akamaliza wa 44. Mji wa Paris ulitangaza kwamba utakipa kiwanja kimoja cha michezo jina lake.

Wa 44! Kama kipimo kingalikuwa medali, Cheptegei asingalikumbukwa hata na jirani. Lakini Paris haikuwa ikihesabu sekunde. Ilikuwa ikisema kwamba mwanamke aliyekimbia katika barabara zake hatasahauliwa kwa jinsi alivyouawa, na kwamba wasichana watakaocheza katika kiwanja kile wataambiwa habari zake. Hapo jina limekuwa ahadi. Na chama cha rafiki zake Tirop kimekwenda mbele zaidi, kwa maana pale jina linafanya kazi kila siku, linafungua mlango kwa msichana aliye hatarini. Hilo ndilo jina bora kuliko kibao chochote cha barabara nikijuacho.

Lakini kuna mtu atakayesimama na kusema, "Mwalimu, mbona unawawekea vijana masharti ambayo wakubwa hawawekewi?" Naye amesema kweli. Uwanja mkubwa wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, ulipewa jina la Rais Moi wakati yeye mwenyewe yungali kitini. Shule, barabara na viwanja vingapi katika nchi yetu vimepewa majina ya wakubwa walio hai, bila mtu kuuliza kama wakati umetoa hukumu yake? Joe Kadenge, mchezaji wa mpira aliyependwa na Kenya nzima katika miaka ya mwanzo wa uhuru, alikufa mwaka 2019 akiwa mzee wa miaka 84, na ndipo uwanja wa City wa Nairobi ukapewa jina lake. Ikiwa mwanamichezo aweza kungoja mpaka kaburini, kwa nini mwanasiasa asingoje hata aondoke madarakani? Kipimo kikiwa kimoja, hapana atakayelalamika. Kikiwa viwili, basi si kipimo tena bali ni upendeleo.

Basi, baada ya kuyapima mambo haya yote, hukumu yangu ni hii. Kwanza, kijana mwanamichezo atunzwe mara moja: apewe fedha alizoahidiwa bila kuzungushwa maofisini, apewe tiba, masomo, ulinzi na washauri waaminifu. Pili, jina la mahali lingoje mpaka ameacha mashindano na miaka kadhaa imepita, au mpaka kifo kimekamilisha habari zake. Tatu, jina litolewe na watu wa mahali pale kwa shauri la wazi, lisitolewe na mkubwa mmoja jukwaani kwa kutafuta makofi. Nne, jina liambatane na kazi: kiwanja kitunzwe, na penye lango paandikwe mtu huyo alikuwa nani na alifanya nini. Kiwanja chenye jina tukufu na majani marefu kupita magoti ni matusi kwa mwenye jina. Tano, sheria hizo ziwe juu ya wote, wakimbiaji na watawala.

Wengine watasema kungoja ni kusahau kwa adabu. Hatari hiyo ipo, sikatai. Dawa yake ni kuandika na kusimulia. Wabera hakuwa mwanamichezo, lakini yatupasa kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa Isiolo wanaoweza kusema alikufa mwaka gani na kwa sababu gani, ingawa jina lake limo vinywani mwao kila siku. Jina lisilo na habari hugeuka kuwa sauti tu. Habari isiyo na jina bado yaweza kuishi, maadamu kuna mtu wa kuisimulia jioni na mtu wa kuisikiliza.

Wewe usomaye, yumkini siku moja utakaa katika baraza la kaunti, au katika kamati ya shule, au katika mkutano wa wazee wa mtaa, na shauri la jina litaletwa mbele yako. Uliza ni nani anayelitaka na litamfaa nani. Uliza kama mwenye jina ameshapata haki zake nyingine. Lakini usingoje mpaka siku hiyo ili uanze kutunza. Huenda katika shule yako yupo msichana anayekimbia miguu mitupu juu ya changarawe, kwa sababu viatu havinunuliki kwao, na anawashinda wavulana. Huyo hahitaji barabara. Anahitaji viatu, chakula cha kutosha, mwalimu mwenye heshima, na njia salama ya kurudi nyumbani jioni. Hayo yamo katika uwezo wetu leo, na tukimpa hayo, mambo ya jina tutawaachia wale watakaomjua akiwa mzee.